Saa Kumi ni Alasiri au Jioni? Kupima Miradi kabla Fedha Hazijatoka

Hotuba kwa maafisa mipango, wahandisi wa maji na madiwani, Dodoma. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wale waliokuwa vijijini siku hiyo. Picha za ukutani zimeachwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, ndugu maafisa mipango na wahandisi, mabibi na mabwana, mbukwenyi!

Naanza na swali. Saa kumi ni alasiri au ni jioni? Wanaosema alasiri, nyoosheni mikono. Asanteni. Wanaosema jioni? Naona mikono imegawanyika, na wapo walionyoosha mara mbili. Hao wa mara mbili ndio niliokuja kuwatetea leo.

Kiswahili hakina ugomvi na saa kumi. Saa tisa ni alasiri tupu, saa kumi na mbili ni jioni tupu, na hapo katikati alasiri inapungua huku jioni ikiongezeka. Maji ya kuoga vilevile: yapo baridi, yapo moto, na tuna neno letu zuri kabisa la katikati, vuguvugu. Mama anayemwogesha mtoto hatafuti kipimajoto. Anachovya kiwiko, basi.

Sasa tukiingia kwenye kikao cha kuchambua maandiko ya miradi, busara hii yote tunaiacha mlangoni pamoja na viatu vyenye tope. Mradi wenye alama 70 umepita, wenye 69 umeanguka. Jamani, hiyo alama moja ni kitu gani? Nani aliipima, kwa rula ipi? Huenda mjumbe mmoja aliandika 7 badala ya 6 kwa sababu chakula cha mchana kilikuwa kimeshafika na kila mtu alitaka kumaliza.

Mwaka 1965, Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, alichapisha makala kuhusu seti zenye mipaka isiyokatika. Shuleni tulifundishwa kwamba kitu kimo ndani ya seti au hakimo. Zadeh akasema kinaweza kuwamo kwa kiwango: 0 maana yake hakimo kabisa, 1 maana yake kimo kikamilifu, na 0.3 au 0.8 ni halali pia. Hesabu iliyozaliwa hapo ndiyo mantiki ya fazi. Ukipenda iite mantiki ya vuguvugu, sitakusahihisha. Miaka kumi hivi baadaye, Ebrahim Mamdani na mwanafunzi wake huko London waliitumia kuendesha injini ndogo ya mvuke kwa kanuni za maneno, za aina ya “presha ikiwa juu kidogo, punguza joto kiasi”. Mwaka 1987 treni ya chini ya ardhi ya Sendai, Japani, ilianza kazi ikiongeza mwendo na kufunga breki kwa mantiki hiyohiyo.

Mtaniuliza: treni ya Sendai inahusiana nini na kisima cha Bahi au Chamwino? Inahusiana hivi. Ujuzi wa dereva wa treni ulikuwa kwenye maneno yake, na ujuzi wenu wa kupima miradi uko kwenye maneno yenu. “Maji pale ni haba.” “Kamati yao imara.” “Gharama si mbaya.” Mantiki ya fazi inayachukua maneno hayo kama yalivyo na kuyafanyia hesabu, bila kumlazimisha mtu aseme ndiyo au hapana mahali ambapo ukweli ni kiasi.

Kabla sijaendelea niondoe mkanganyiko mmoja. Kiwango cha fazi si uwezekano. Mtaalamu wa maji chini ya ardhi akisema kuna nafasi saba kati ya kumi za kupata maji hapa, huo ni uwezekano, na siku mtambo wa kuchimba ukiondoka utakuwa umegeuka ndiyo au hapana: maji yapo, au mna shimo kavu. Lakini nikisema kisima hiki kinakidhi mahitaji ya kijiji kwa 0.7, mtambo ukiondoka bado ni 0.7, kesho ni 0.7, na mwakani watu wakiongezeka itashuka. Vitu viwili tofauti. Andiko zuri la kisima linahitaji vyote viwili, kila kimoja kwenye safu yake.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta. Tatizo kubwa la fomu zetu ni wastani, kuliko hata ule mpaka wa 70. Wastani unaficha maradhi.

Twendeni Kongwa, chini ya kilomita mia moja kutoka hapa tulipokaa. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani na mafuta ya kula yalikuwa adimu. Timu ya watu watatu ikatumwa Afrika Mashariki, ikazunguka kwa wiki tisa hivi, kwa sehemu kubwa kwa ndege, ikarudi na andiko la mradi wa karanga: mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Zidisheni wenyewe, ni zaidi ya ekari milioni 3. Mashamba mengi yalipangwa Tanganyika, na kazi ikaanzia Kongwa.

Tuseme siku ile fomu yetu ya alama ingekuwapo. Namba nitakazotaja ni zangu za mfano. Uhitaji wa soko, 10 kwa 10. Utashi wa serikali, 9. Upatikanaji wa ardhi, 9. Mtaji, 8. Mvua na udongo, 2. Jumla 38, wastani 7.6, yaani asilimia 76. Umepita! Tena umepita kwa heshima.

Na huko shambani? Mvua za Ugogo tunazijua: msimu mmoja, haba, na zinakuja zinapotaka. Udongo wa mfinyanzi wa Kongwa jua likiupiga unakuwa mgumu kama saruji, na karanga, ndugu zangu, huzaa chini ya ardhi. Unapofika wakati wa kuzing’oa, ndipo ardhi imeshafunga. Matrekta, mengi yakiwa mabaki ya vita, yalikwama kwenye mizizi na mibuyu. Kwa mwaka wa kwanza lengo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Januari 1951 mradi ukaachwa, na hasara ilikuwa pauni milioni 36 hivi. Karanga haikujali utashi wa waziri yeyote.

Wastani ulisema nini? Kwamba utashi wa 9 unaweza kufidia udongo wa 2. Je, unaweza? Mgogo anayepanda uwele na mtama angewajibu kabla chai haijapoa. Mantiki ya fazi inauliza swali lingine: soko lipo NA ardhi ipo NA udongo unafaa? Na katika hesabu ya Zadeh, “na” huchukua kiwango kidogo kuliko vyote. Kati ya 1.0, 0.9, 0.9, 0.8 na 0.2, jibu ni 0.2. Pale ambapo jambo moja likitosha linatosha, tunatumia “au”, nayo huchukua kikubwa kuliko vyote. Msishangae urahisi wake. Kazi ngumu ni kujua wapi mnamaanisha “na” na wapi mnamaanisha “au”, na kazi hiyo hakuna kompyuta itakayowafanyia.

Haya, tuingie jikoni. Nitapika mfano mmoja mbele yenu kwa vigezo viwili tu, ili kila mtu aweze kuurudia kwenye Excel.

Kijiji A kina watu 3,000. Sera ya maji ya mwaka 2002 ilitaka lita 25 kwa mtu kwa siku, na kwa kipimo hicho kijiji kinahitaji lita 75,000. Kisima kimepimwa, kinatoa lita 9,000 kwa saa bila kina cha maji kushuka vibaya. Pampu ni ya sola. Hapa wengi wanakosea: wanazidisha 9,000 kwa saa 24, au kwa saa 12 kwa kuwa jua linachomoza na kuzama. Sola inasukuma kwa nguvu kamili saa sita hivi kwa siku. Sita mara 9,000 ni lita 54,000, nazo ni asilimia 72 ya mahitaji. Hiyo ndiyo namba yetu ya kwanza.

Namba ya pili ni uimara wa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii: wana akaunti yenye fedha, wana fundi, wanaandika makusanyo? Alama kutoka 0 hadi 10. Kijiji A kimepata 6.

Sasa maneno. Asilimia 50 kushuka chini, maji ni “haba” kikamilifu. Kuanzia 90, “yanatosha” kikamilifu. Katikati, moja linapungua na jingine linapanda. Kwenye Excel, kama namba iko B2, kiwango cha “yanatosha” ni =MAX(0,MIN(1,(B2-50)/40)), na “haba” ni 1 toa hicho. Kwa 72 tunapata yanatosha 0.55, haba 0.45. Kwa chombo cha maji, alama 3 kushuka ni “dhaifu”, 7 kupanda ni “imara”: =MAX(0,MIN(1,(C2-3)/4)). Kwa alama 6 tunapata imara 0.75, dhaifu 0.25.

Kanuni ni nne, na ni Kiswahili kitupu. Maji yanatosha na chombo imara: anza. Maji yanatosha na chombo dhaifu: subiri. Maji haba na chombo imara: subiri. Maji haba na chombo dhaifu: acha. Kila kanuni inachukua kiwango kidogo kati ya viwango vyake viwili. Ya kwanza inapata 0.55, ya pili 0.25, ya tatu 0.45, ya nne 0.25. “Subiri” imetajwa mara mbili, tunachukua kubwa, 0.45.

Mwisho tunarudisha maneno kuwa namba moja. Tuipe “anza” 90, “subiri” 50, “acha” 10. Zidisha kila moja kwa kiwango chake, jumlisha, gawa kwa jumla ya viwango: 49.5 kujumlisha 22.5 kujumlisha 2.5, gawa kwa 1.25. Jibu, 59.6.

Mko pamoja nami? Vizuri, kwa sababu utamu ndio unaanza.

Kijiji B: maji asilimia 40, chombo 9. Kijiji C: maji yanazidi mahitaji, tuandike 100, lakini chombo 4. Kwa wastani wa kawaida A ina 66, B ina 65, C ina 70. C wa kwanza, A na B karibu sare, na kikao kimefungwa. Kwa fazi, B inapata 50 kamili, na ukitazama ndani, “anza” ni sifuri. Hakuna hata chembe ya sababu ya kupeleka fedha pale sasa hivi, ingawa kamati yao ni ya kusifiwa. C inapata 60. A ilikuwa 59.6.

Kwa hiyo A na C ni sawa? Namba ni sawa, ugonjwa ni tofauti! A inaumwa maji. C inaumwa watu. C ikipewa miezi sita ya mafunzo, akaunti ikafunguliwa, fundi akapatikana, inapanda bila kuchimba hata futi moja ya ziada. Na A? Ulizeni nguzo ya umeme iko umbali gani. Kama umeme wa TANESCO unaweza kuvutwa, na kisima kikapimwa kikathibitika kustahimili saa kumi za kusukuma, lita ni 90,000, maji yanatosha kwa 1.0, na A inaruka kutoka 59.6 hadi 80. Swali moja la nguzo limefanya kazi kuliko kurasa arobaini za andiko. Ndiyo maana nawasihi: msipeleke namba ya mwisho peke yake kwenye baraza. Pelekeni na viwango vya anza, subiri na acha, na kanuni iliyovuta zaidi. Diwani atauliza “kwa nini kata yangu imekosa?”, na mtakuwa na jibu la sentensi moja.

Najua swali linalokuja. Hizo 50 na 90, na hizo 3 na 7, zimetoka wapi? Nani kaziweka? Hapa ndipo mbinu hii inaposimama au kuanguka.

Mipaka inatoka kwa watu wanaojua, kwa maswali mawili tu. La kwanza: ni kiwango gani ambacho kikishuka hapo hutasita kusema haba? La pili: ni kiwango gani ambacho kikifika hapo hutasita kusema yanatosha? Waulizeni watu watano hadi wanane, kila mmoja peke yake, kwa karatasi. Peke yake! Bosi akisema 80 kwanza, watano wengine watasema 80, tunafahamiana. Kisha zipangeni namba kutoka ndogo hadi kubwa na kuchukua ya katikati. Wastani utavutwa na mmoja mwenye msimamo mkali. Mkikuta mmoja kasema 30 na mwingine 85, msigawe njia. Rudini muulize. Mara nyingi mnagundua mmoja alikuwa anafikiria Machi na mwingine Oktoba, na hapo mnajua kigezo kilikuwa hakijaelezwa.

Mipaka ikishapatikana, isainiwe na iwekwe tarehe kabla ya andiko hata moja kufunguliwa. Kabla, nasema! Mtu anayeruhusiwa kusogeza 50 iwe 35 baada ya kuona kijiji cha shemeji yake kina 40, huyo hapimi, anachakachua. Na kwa fazi uchakachuaji unajificha vizuri zaidi, maana una sura ya hesabu. Siwezi kuwaficha hilo.

Halafu tikiseni jedwali. Sogezeni kila mpaka asilimia kumi juu, kisha asilimia kumi chini, mtazame nani kabadilisha nafasi. Mradi unaobaki juu kila mkitikisa ni wa kuaminiwa. A na C watapishana mara kwa mara, na kupishana huko ni taarifa: msiwapange wa kwanza na wa pili, waiteni kundi moja.

Nipite haraka kwenye makosa ambayo yatawatokea, maana yatawatokea.

Mtaacha pengo. “Haba” inaishia 60, “yanatosha” inaanzia 70, na kijiji cha 65 hakina neno. Hakuna kanuni inayoamka, Excel inagawa kwa sifuri na kuwaonyesha alama ya kosa. Hakikisheni maneno yanapandana.

Mtaongeza vigezo mpaka mzame. Vigezo viwili vyenye maneno mawili ni kanuni nne. Vitatu vyenye maneno matatu ni 27. Vitano vyenye matatu ni 243, na hakuna kikao cha Dodoma kitakachokaa kuandika kanuni 243 kwa umakini. Baada ya ya arobaini watu wanabandika tu. Dawa ni kupanga ngazi: maji na gharama zitoe “kufaa kiufundi”, chombo na uchangiaji vitoe “utayari wa jamii”, kisha hivyo viwili vikutane. Kanuni tisa, tisa na tisa, jumla 27 kwa vigezo vinne, badala ya 81.

Mtaweka sheria kwenye fazi. Kibali cha matumizi ya maji kutoka bodi ya bonde kipo au hakipo. Ardhi ina mgogoro mahakamani au haina. Hayo ni ya mlangoni, ndiyo au hapana, kabla ya hesabu yoyote. Floridi ndiyo inayonitia mashaka kidogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na huku kwetu kanda ya kati visima vinavyozidi hapo si vya kutafuta kwa tochi. Mwili wa mtoto hauoni tofauti kati ya 1.4 na 1.6, kwa hiyo kimaumbile ni jambo la vuguvugu. Hata hivyo nasema liwekeni mlangoni. Pale ambapo meno na mifupa ya watoto iko kwenye mizani, mpaka mkali ni afadhali.

Na “na” yetu ina ukali wake. Ukichukua kidogo kuliko vyote, kijiji kilichopandisha chombo chake kutoka 0.75 hadi 1.0 huku maji yakibaki 0.55 hakioni faida yoyote kwenye kanuni ya kwanza, na watu watalalamika. Mnaweza kutumia kuzidisha badala yake: 0.55 mara 0.75 ni 0.41, na juhudi ya kijiji itaonekana. Chagueni moja mapema, mbaki nayo kwa miradi yote.

Maneno ya kukoleza je? “Sana” na “kiasi”? Zadeh aliyawekea hesabu pia. “Sana” ni kuzidisha kiwango kwa chenyewe: yanatosha 0.55, yanatosha sana 0.30. “Kiasi” ni kipeuo chake cha pili: yanatosha kiasi 0.74. Mradi wa zahanati, ambako maji yakikatika mama anajifungua bila maji, kanuni yake iandikeni na “sana”. Josho la mifugo linaweza kwenda na “kiasi”.

Sasa kazi ya kuondoka nayo. Msianze na miradi mipya. Chukueni miradi kumi iliyokwisha miaka mitatu au minne iliyopita, mitano inayofanya kazi na mitano iliyokufa, mtu ambaye haijui aijazie namba kutoka kwenye maandiko ya awali tu, bila kutembelea eneo. Pitisheni kwenye jedwali. Kama iliyokufa imejaa juu, jedwali lenu lina kigezo kilichokosekana, na makabrasha ya hiyo mitano ndiyo yatakayowaambia ni kipi. Rekebisheni mipaka, kisha jaribuni kumi mingine ambayo hamkuitumia kurekebisha, maana jedwali lililonyooshwa kwa miradi kumi litaisifu miradi hiyohiyo kumi. Siku mbili zinatosha, watu watatu, kompyuta moja. Mkianza Septemba, mtakuwa mmemaliza kabla kata hazijaanza kuleta vipaumbele vya bajeti.

Wale wanaotaka faili la mfano lenye vijiji A, B na C, waje na flashi zao hapa mbele wakati wa chai. Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba nipokee maswali, na nianze na yule ndugu wa nyuma aliyenyoosha mkono mara mbili.